Kilimo hai: tuombe sheria kali au tujipange wenyewe kwanza? (Muheza, Tanga)

Katibu wa Bonde (mleta mada)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naombeni mawazo yenu maana Jumapili tuna kikao cha kikundi na mimi ndo katibu, sitaki niende mikono mitupu.

Sisi tuko Muheza, upande wa kupandia Amani, tunalima pilipili manga, mdalasini, iliki kidogo na machungwa. Miaka minne tumeuza viungo kama kilimo hai, yaani organiki, bila dawa wala mbolea za viwandani, kwa mnunuzi mmoja, yeye ndo alileta mafunzo, yeye akalipa wakaguzi, na cheti kikatoka kwa jina lake. Bei ilikuwa inazidi ya soko kidogo hatukuwa na neno. Msimu uliopita mzigo wa pilipili manga ukapimwa huko nje ukakutwa na mabaki ya dawa, ukashushwa ukauzwa kama wa kawaida na sisi tukakatwa nyongeza yote, kikundi kizima. Tukazunguka nyumba kwa nyumba kutafuta imetoka wapi, kumbe mwenzetu mmoja alianika pilipili zake kwenye turubai ambalo mwezi mmoja nyuma alichanganyia mahindi na ile dawa ya vumbi ya dumuzi. Shambani kwake hajawahi kutia kitu, ni turubai tu. Nilikwenda kuliona, lile la bluu la kawaida, kwenye mikunjo ukipitisha kidole unga mweupe bado upo. Mzee wa watu alikaa barazani ameinamisha kichwa hakutia neno.

Mnunuzi akasema basi. Na hapo ndo tukajua hatuna kitu, cheti si chetu, ramani za mashamba anazo yeye, madaftari ya kumbukumbu anayo yeye, tukienda kwa mwingine tunaambiwa tuanze moja.

Sasa nikishuka Tanga mjini naona watu wanabandika organiki kwenye kila kitu, asali organiki, unga organiki, mayai organiki, na hamna anayeulizwa. Sisi tuliokaguliwa mpaka turubai tumetolewa nje, ambaye hajakaguliwa anauza. Inauma sana. Swali langu ni hili, serikali si ilete sheria moja kali, ukiandika organiki huna cheti unashtakiwa? Nusu ya kikundi wanaitaka sheria hiyo, nusu wanasema ndo itatumaliza sisi wadogo.

Muuza Viungo Makorora

Pole sana ndugu yangu. Mimi nasema sheria ije hata kesho. Niko dukani kila siku, mteja anakuja na pakiti mbili mkononi, moja ya mkulima ninayemjua mpaka shamba lake, nyingine imechapwa tu jani la kijani na neno asilia, ya pili rahisi, anachukua ya pili. Nitamwambia nini? Sina cha kumwonyesha. Wiki iliyopita mama mmoja ana mtoto mgonjwa, daktari kamwambia apunguze vyakula vilivyopuliziwa dawa, ananiuliza kaka hii kweli haina dawa? Nilishindwa kumjibu nikamwambia hii ya mkulima ninayemjua naweza kuisemea, hiyo nyingine siwezi. Akarudisha zote. Neno limeshachafuka, tusipolilinda hata wale wa kweli hawataaminika.

Bwana Shamba Mstaafu

Katibu pole, na mfikishie pole yule mzee, msimsusie, ajali ya turubai ingempata yeyote kati yenu.

Niseme kwa kirefu kidogo maana hapa mambo mawili yanachanganywa. Kiwango tunacho. Afrika Mashariki walikubaliana kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai mwaka 2007, na mwaka huo huo ikazinduliwa Dar alama ya Kilimohai, ya kubandika kwenye mazao yanayofuata kiwango hicho. TOAM, shirika la kilimo hai Tanzania, ambao walianza 2005 ndo wanaisimamia kwa hapa kwetu. Sera ya kilimo ya 2013 inakitaja kilimo hai, na Novemba 2023 ukazinduliwa mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai unaokwenda mpaka 2030. Ila kile kiwango ni cha hiari. Anayetaka alama anakifuata, asiyetaka anaandika organiki ya kwake anavyojua, ndo hayo mnayoyaona madukani.

Sasa sheria. Wenzetu walioanza mapema, Denmark sheria yao ni ya 1987, lakini wakulima wao walikuwa na chama chao, kanuni zao na ukaguzi wao tangu mwanzoni mwa miaka ya 80, sheria ikakuta kitu kipo ikakipa nguvu. Sheria ikitangulia, inakuta nani ana cheti? Wenye makampuni. Mkulima wa robo tatu ekari ya mdalasini ambaye hajatia dawa tangu babu yake anaamka asubuhi haruhusiwi kusema mazao yake ni ya kilimo hai, na kulipia mkaguzi wa nje peke yake hawezi hata auze shamba.

Kwa hiyo usiulize sheria iwepo au isiwepo, uliza ndani yake kuna milango mingapi. Brazil sheria yao ya 2003 iliacha mitatu. Kuna mkaguzi wa nje, kuna kukaguana kwa kikundi kunakotambuliwa na serikali, na mkulima mdogo anayemuuzia mlaji mkono kwa mkono anaandikishwa tu na kikundi chake bila cheti, ila akubali kutembelewa muda wowote. Marekani nao, pamoja na ukali wao, anayeuza chini ya dola 5,000 kwa mwaka halazimishwi cheti, kanuni za shambani anazifuata kama wengine. Uongo unaadhibiwa na mdogo hafukuzwi. Sheria ya namna hiyo hata mimi naisaini.

Halafu hili la cheti kuwa cha mnunuzi, Katibu sikiliza vizuri maana hapa mna bahati kidogo. Kanuni mpya ya Ulaya, namba 2018/848, ilianza kutumika Januari 2022, na kwa nchi za nje kama yetu kipindi cha mpito kilipangwa mpaka mwisho wa 2024. Inataka kikundi cha wakulima kiwe chenyewe chombo cha kisheria, wanachama wasizidi 2,000, mashamba yawe karibu karibu, wawe na utaratibu wa kuuza pamoja na udhibiti wao wa ndani. Udhibiti wa ndani maana yake kila mwanachama anakaguliwa na wenzake kila mwaka, halafu mkaguzi wa nje anarudia angalau 5 katika kila 100 kuona kama mlisema kweli, na anachukua sampuli angalau kwa 2 katika 100. Mnunuzi kushika wakulima mkononi kama orodha yake tu, Ulaya sasa hawataki. Imewapa kazi nyingi ya makaratasi na gharama, vikundi vingi vimehangaika, sifichi. Lakini kwenu ina maana mkisajili AMCOS yenu, yaani chama cha ushirika wa mazao, cheti kitakuja kwa jina lenu, na mnunuzi akiondoka anaondoka na gari lake tu.

La mwisho, kutotia dawa peke yake hakukufanyi wa kilimo hai. Iliki za huko juu ni mfano, watu walilima chini ya miti ya msitu bila dawa yoyote, miaka ikaenda udongo ukachoka, wakakata miti wakaweka mahindi. Hakuna dawa iliyotumika hapo na bado ardhi imeharibika. Kituo cha utafiti wa udongo cha Mlingano kiko hapo hapo Muheza, pelekeni udongo upimwe.

Mama Kisamvu Pongwe

Shikamoo bwana shamba, umenena. Katibu mimi nikueleze la kwetu maana wengi wakisikia kukaguana wenyewe wanadhani ni kufichiana.

Sisi ni wanawake 18 na wanaume 4, tunalima mboga, mchicha, bamia, kisamvu, matembele, tunauza Tanga mjini Jumatano na Jumamosi. Ule mfumo wa kukaguana unaitwa PGS, na kiwango cha 2007 kikifuatwa na mkikubaliwa mnaruhusiwa kutumia ile alama ya Kilimohai kwa soko la ndani na la Afrika Mashariki. Ulaya haufiki, huo wa Ulaya ni mwingine kama alivyosema bwana shamba.

Kukagua kwenyewe ni hivi, tunakwenda watatu, na hatumkagui jirani wa ukuta mmoja wala ndugu. Hatuanzi shambani, tunaanza stoo. Unafungua mlango unavuta pumzi kwanza, dawa ina harufu yake hata chupa iwe imetupwa mwezi mzima. Tunaangalia magunia yametoka wapi, tunaangalia shimo la taka, ndo tunaingia shambani kuona mpaka na jirani, kama anapuliza mahindi yake tunataka mstari wa majani marefu ya guatemala au matete katikati. Mwaka juzi tulimkuta mwenzetu mmoja hana chupa hana harufu, kila kitu safi, ila bomba la mgongoni lililoegemezwa ukutani lilikuwa na jina la mtu mwingine limeandikwa kwa msumari. Tukamuuliza dada hili la nani? Akasema nimeazima kwa shemeji kupulizia mwarobaini. Na shemeji analipulizia nyanya zake dawa za dukani! Hakuwa na nia mbaya, wallahi hakujua. Tulikaa naye chini ya mwembe saa nzima, tukakubaliana mavuno ya matuta yale auze kawaida bila alama, na kikundi kikachanga kununua bomba letu moja linalokaa kwa mwenyekiti. Alilia siku ile lakini hakutoka kikundini, na mwaka huu ni yeye anayefundisha wapya kuangalia mabomba.

Mkaguzi wa kutoka mbali angeliona lile jina? Mimi nadhani angelipita, maana hamjui shemeji. Ndo maana nasema sheria ikija isituambie kukaguana kwetu ni mchezo.

Ila na mimi nina dukuduku langu. Mwarobaini natwanga, nachanganya na pilipili na sabuni kidogo, nikitumia kwangu hamna neno. Nikitaka kumuuzia mwenzangu kwenye chupa ni kiuatilifu, lazima kisajiliwe na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa sheria ya 2020, na kusajili si kazi ya mtu mmoja na kinu chake. Kwa hiyo mkulima anayeanza kilimo hai akienda duka la pembejeo anakuta rafu nzima ya sumu na mboji hamna, dawa ya asili hamna. Serikali ikitaka kutusaidia ianzie hapo kabla ya kushtaki watu.

Kijana wa Kiwangwa

Wakuu na mimi niko Bagamoyo, Kiwangwa, mananasi ekari mbili. Nimesoma yote haya nimenyamaza. Tangu viwavijeshi vamizi viingie nchini 2017 jirani yangu anapuliza mahindi na upepo wa bahari unaleta kwangu. Nikianza leo kuacha kila kitu itachukua muda gani, na huyu jirani nimfanye nini?

Bwana Shamba Mstaafu

Kijana, kwa Ulaya mazao ya muda mfupi ni miaka 2 kabla ya kupanda, ya kudumu miaka 3 kabla ya kuvuna. Kuhusu jirani hamna sheria itakayokusaidia haraka kama kwenda kwake na maji ya dafu mkaongea. Muombe apulize alfajiri upepo ukiwa umelala, wewe panda uzio wa majani marefu na mistari ya pembeni uiuze kama kawaida. Uandike kwenye daftari kila alipopuliza, tarehe na dawa gani.

Na Mama Kisamvu umesema kweli tupu kuhusu rafu za maduka. Nitaongeza moja, wenye michungwa wa Muheza acheni kuchoma viota vya majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, wale wadudu wanakula wadudu wenzao, wanakulindia matunda bila malipo.

Muuza Viungo Makorora

Bwana shamba nimekuelewa, milango iwe mingi sawa. Lakini mwongo wa pakiti yenye jani la kijani anakaguliwa na nani leo?

Bwana Shamba Mstaafu

Usalama wa chakula upo TBS, shirika la viwango, tangu 2019, peleka pakiti na risiti. Na dukani kwako anza kutenganisha rafu, yenye alama ya Kilimohai peke yake, na ubandike karatasi inayosema alama ile maana yake nini. Mimi kama sheria ingekuwa na kifungu kimoja tu ningetaka hicho hicho, kwamba asiseme organiki mtu asiyeweza kuonyesha nani kamkagua. Akaguliwe na shirika, akaguliwe na kikundi, lakini awepo mtu wa kuulizwa.

Katibu wa Bonde (mleta mada)

Nawashukuru sana, bwana shamba nimeandika karibu yote kwenye daftari. Jumapili napeleka mambo matatu, kwanza tusajili AMCOS, pili barua kwa yule mnunuzi tuombe nakala za ramani na kumbukumbu zetu za miaka minne, kwa heshima tu bila ugomvi, tatu kina mama wa Pongwe kama watatukubalia tuje watu wanne siku wanayokagua tuone kwa macho. Mama Kisamvu naomba unijibu kama inawezekana, nauli tutajilipia.

Yule mzee nilipita kwake leo asubuhi nikamwambia kuna watu mtandaoni wanakupa pole. Alinipeleka nyuma ya nyumba, amenunua turubai jipya la kijani, amelitundika juu ya kenchi peke yake mbali na mahindi, na pembeni ameandika kwa rangi nyeupe PILIPILI TU. Ananiuliza kama wenzie wangekubali anunue na maturubai ya wengine wasio na uwezo, alipe kidogo kidogo. Hilo nalo naliweka kwenye ajenda.