Yule fundi kaweka HAL_Delay NDANI ya intarapti, halafu analaumu umeme!

Wakuu wa Tanga, simtaji, mnamjua. Yule wa baikeli na begi la waya.

Kaweka HAL_Delay(2000), amri ya kusubiri milisekunde 2000, ndani ya intarapti, yaani ishara inayokatiza programu kuu. NDANI! Boya la tenki linapanda, pini ya STM32 (chipu inayoendesha pampu) inaamsha EXTI, intarapti ya pini za nje, hendla (msimbo wa kuihudumia) inaingia na kazi yake ya kwanza ni kulala sekunde mbili. Eti "maji yatulie".

Milisekunde za HAL_Delay zinahesabiwa na SysTick, intarapti ya saa ya ndani ya chipu. SysTick kaiacha kipaumbele 15, EXTI kaipa 0. Kwenye Cortex-M, prosesa ya STM32, namba ndogo ndiyo yenye nguvu, kwa hiyo SysTick inangoja hendla itoke, na hendla inangoja SysTick ihesabu. Kaomba sekunde mbili, kapewa mpaka Kiyama! Pampu inasukuma tu, maji yameshuka ngazi, kidogo yafike Raskazone yakaogelewe. Jamaa anajibu mbele za watu: "Umeme wa mtaa huu mdogo."

UMEME!!

Intarapti ni waja leo waondoka leo. Futa bendera ya EXTI (alama kwamba intarapti imetokea), weka maji_yamejaa = 1, toka. Kigeu hicho kiwe volatile (kisomwe upya kila mara), la sivyo kompaila kwenye -O2 (ikiboresha msimbo) inakisoma mara moja na haikirudii. Kusubiri kwote kukae kwenye while kuu, kitanzi cha programu kuu. Na bendera ifutwe mwanzoni mwa hendla: ukiifuta mwisho kabisa, prosesa inaweza kutoka kabla ufutaji haujafika kwenye rejista, ikaingizwa tena bure.

Sekunde mbili. Ndani ya intarapti. Na kalipwa.

Mkonge_Mkavu: Mkuu maji yanashuka ngazi wewe unaandika uzi? Funga vali kwanza 😂

Boi_wa_Makorora: Afadhali huyo. Kuna mwenzake Chumbageni, chipu ikiingia HardFault (kosa zito la programu) hendla yake ni while(1) tupu, kitanzi kisichoisha. Anabadilisha chipu! Ushahidi wote upo: prosesa ikiingia kwenye eksepsheni (intarapti au kosa) inasukuma maneno 8 kwenye staki (kumbukumbu ya muda), yaani rejista R0 hadi R3, R12, LR, PC na xPSR, baiti 32. PC, anwani ya amri iliyokuwa ikitekelezwa, iko baiti 24 juu ya SP (kilele cha staki) ya wakati ule. Isome, itafute kwenye faili la .map (orodha ya anwani za fanksheni), unapata fanksheni iliyoanguka. Kisha soma CFSR, rejista ya makosa kwenye anwani 0xE000ED28, ikwambie kosa ni la aina gani.

Mleta uzi: Tusitoke kwenye mada. HAL_Delay. NDANI.

AVR_mpaka_kufa: STM32 za nini kwenye tenki la maji? ATmega328P, chipu ya AVR, inatosha.

Mkonge_Mkavu: Na huko delay() ndani ya ISR (hendla ya intarapti) haifanyi kazi vilevile mzee. Ukiwa ndani intarapti nyingine zimezimwa, intarapti ya taima 0 inayohesabu milisekunde haipiti. Tulia.

Pongwe_Juu: Wanaonikera mimi ni wanaolisha wochidogi (saa inayorisiti chipu isipolishwa) ndani ya intarapti ya taima. Programu kuu imekufa zamani, taima bado inalisha. Sasa hiyo wochidogi inamlinda nani?

Volti_Tano: Nyote programu, programu. Boya ni swichi ya chuma, linadunda (linafunga na kufungua) milisekunde kadhaa, kila mdundo intarapti. Rezista 10k kwenda 3.3 V, kapasita 1 µF kwenda graundi, unapata milisekunde 10 za kuchuja midundo. Na koili ya rilei (swichi ya kuwasha pampu) ifungwe dayodi 1N4007, ule mstari uelekee chanya. Bila hiyo, mpigo wa volti wa koili unaweza kuirisiti chipu hata programu iwe safi.

AVR_mpaka_kufa: 1N4007 ya nini? Koili ndogo ya 12 V inakula mA 30 hivi. 1N4148 inatosha.

Boi_wa_Makorora: Dukani ukiomba 4007 wanakupa 4001 wanasema ni ileile.

Volti_Tano: Kwa koili ya 12 V ni sawa. 4001 inahimili V 50, 4007 V 1000.

Boi_wa_Makorora: Sasa mbona wanatoza bei ya 4007?

Mleta uzi: NDANI YA INTARAPTI jamani

Pongwe_Juu: Nani ana 4148 za kuuza, niko Kange hapa.