Wabongo wa Texas: HOA (chama cha wenye nyumba wa mtaa) wamevuta magari ya watu waliokuja msibani kwangu. Kabla hujasaini nyumba, pita hapa

Wakuu, salaam. Mods, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa mikopo ya nyumba. Hii ni mada nyingine, na nimekuja na hasira zangu.

Nimefiwa na mama mdogo, Morogoro. Walioko Marekani wanajua msiba wa huku ulivyo: maiti iko nyumbani Tanzania, lakini watu wanakuja kwako kukupa mkono wa pole, mnasoma dua, mnachanga nauli ya atakayewahi maziko, akina mama wameshika jiko. Watu walitoka Katy, wakatoka Richmond, pembeni mwa Houston hapa, wengine wameendesha kutoka Dallas baada ya kazi. Kwangu yanaingia magari manne tu, mawili ndani ya gereji na mawili mbele yake. Mengine yakapaki kando ya barabara ya mtaani, kwa ustaarabu, hakuna lililoziba mlango wa mtu.

Saa saba usiku tunasikia minyororo inalia nje. Kutoka, tunakuta gari la kuvuta magari linaondoka na la tatu. Mzee mmoja, umri wa baba yangu, anamfuata dereva na kanzu yake akimweleza kuwa hapa kuna msiba. Dereva wala hakuwa mkali. Alionyesha kibao cha getini: kupaki barabarani usiku wa manane ni marufuku, HOA ndio waliomwita, mwenye swali awaulize wao. Kulikomboa kila gari kule yadi kulikula zaidi ya dola 250. Hela ya rambirambi imeishia yadi, wakuu! Nikaiandikia kampuni inayousimamia mtaa nikiwaeleza kilichotokea. Wakanijibu kwa aya mbili na namba ya kifungu. Pole hamna. Halafu wiki iliyofuata ikaja barua ya onyo kwa jina langu, kwamba wageni wangu wamevunja masharti.

Kwa mlioko Bongo mnaojiuliza HOA ni mdudu gani: ni chama cha wenye nyumba wa mtaa mmoja. Huombi kujiunga. Ukinunua nyumba ndani ya mtaa huo umeshakuwa mwanachama, kwa sababu masharti yake yamesajiliwa kaunti (kama wilaya ya kwetu) pamoja na ardhi yenyewe, na yanamfuata kila atakayeimiliki. Unalipa ada ya mwaka, kwangu ni dola 950. Bodi ya watu wachache inaamua, na kampuni ya nje inaajiriwa kukusanya hela na kuandika barua. Mfikirie mjumbe wa nyumba kumi, ila huyu anaweza kukupiga faini kwa sababu ya pipa la taka na akikuchoka anaweza kuipeleka nyumba yako mnadani.

Mtaa wetu una geti, na barabara za ndani ni mali ya chama. Ndiyo maana walithubutu kuvuta. Barabara ingekuwa ya kaunti, HOA isingekuwa na mamlaka ya kumwita mtu aje abebe gari la mgeni wangu. Dalali aliyetuuzia, tena Mtanzania mwenzetu, alilisifia lile geti mpaka mke wangu akalipenda kuliko jiko. Usalama, usalama, usalama. Nilipomuuliza ada ni ya nini akanijibu, "Ya usafi tu hiyo, bro." Ya usafi!

Nisionekane mwehu wa kupinga kila kitu, ngoja niseme na upande wao. Houston ndilo jiji kubwa kuliko yote Marekani lisilo na sheria ya kupanga wapi pajengwe nyumba na wapi pajengwe kiwanda. Wananchi wamepigia kura suala hilo mwaka 1948, 1962 na 1993, na mara zote wameikataa. Ukitoka nje ya jiji ni kaunti, na kaunti za Texas hazina meno kwenye mambo ya matumizi ya ardhi. Kwa hiyo kinachomzuia jirani yako asifungue gereji ya kupiga rangi magari ukutani kwako ni yale masharti ya mtaa na chama cha kuyasimamia, basi. Nina rafiki aliyekimbia HOA kwa makusudi akanunua nyumba upande wa kaskazini. Leo jirani yake anafuga majogoo na anawasha kichwa cha lori saa kumi alfajiri, na hana pa kumshitaki. Nikienda kwake nalala na pamba masikioni.

Na mimi kwangu watoto wamejifunza kuogelea kwenye bwawa la mtaa. Lile bwawa la kupokea maji ya mvua nyuma ya mtaa linafyekwa na kuzibuliwa kwa ada hiyohiyo, na mtu aliyekuwa Houston mwaka 2017 wakati wa mafuriko ya kimbunga Harvey hatanibishia umuhimu wake. Taa zinawaka. Nyasi za getini zimenyooka. Sawa. Hayo nalipia kwa moyo mweupe kabisa.

Ninachokasirikia ni biashara ya barua.

Kuna kijana wa kampuni anapita na gari polepole, anapiga picha nyumba za watu. Pipa la taka limeonekana kutoka barabarani siku isiyo ya taka: barua. Ukungu umeota ukutani upande wa kaskazini, na Houston hii yenye unyevu ukungu utauacha kuota?: barua. Nilipanda mchicha na matembele pembeni ya ngazi za mbele, kitu kizuri tu cha kijani, wakaandika kuwa ni "mimea isiyoidhinishwa". Ningepanda maua yasiyolika wasingesema kitu. Jirani yangu Mnigeria ameandikiwa kuhusu rangi ya mlango, mlango uliokuwepo alipoinunua nyumba! Na barua zikishaanza kurudiwa zinakuja na ada ya kuandikia barua, inaingizwa kwenye akaunti yako kama deni. Kampuni inayolipwa kwa kuandika barua itakosaje sababu ya kuandika?

Halafu nani amewachagua? Mtaa wetu bado mpya, mjenzi hajamaliza kuuza viwanja, kwa hiyo bodi ni ya mjenzi. Sheria ya Texas inamruhusu kuishikilia. Viwanja vikishauzwa asilimia 75, ndani ya siku 120 lazima angalau theluthi moja ya wajumbe wa bodi wachaguliwe na wenye nyumba. Theluthi! Mpaka hapo unalipa ada, na mwenye kuamua ada hiyo itumikeje ni yuleyule aliyekuuzia nyumba, ambaye anataka mtaa ung'ae ili auze zilizobaki. Msiba wangu unamharibia maonyesho.

Sasa sehemu ya kutisha, na hapa naomba mtu asipitishe macho juujuu.

Mwaka 2001 hapahapa Houston, mjane mwenye umri wa zaidi ya miaka 80 aliuziwa nyumba yake mnadani kwa sababu ya deni la HOA la dola 800 na ushee. Nyumba yenye thamani ya kama dola 150,000 ilikwenda kwa dola 5,000. Kelele zilizopigwa zilichangia bunge la Texas kutunga sheria ya kuwalinda wenye nyumba, ile Sura ya 209 ya sheria za mali. Mkadhani yameisha? Mwaka 2010 ikajulikana kuwa kule Frisco, karibu na Dallas, kapteni wa jeshi aliyekuwa Iraq ameuziwa nyumba ya dola 300,000 kwa dola 3,500, deni likiwa dola 800 hivi. Nyumba ilikuwa haina hata mkopo wa benki. Mwisho wa siku alirudishiwa, lakini baada ya kuingia mahakamani. Yule alikuwa mwanajeshi, Marekani nzima ilisimama naye. Wewe mwenye grini kadi na zamu mbili za ghala nani atasimama na wewe?

Minada ya Texas hufanyika Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Ikumbukeni hiyo siku.

Nimeisoma hiyo Sura ya 209 kwa hasira usiku mpaka macho yakauma, na haya ndiyo nimeona yanamfaa mtu wetu. Hawaruhusiwi kukuuzia nyumba kwa deni ambalo ni faini tupu, au gharama za wakili zilizotokana na faini tupu. Lakini ada ya mwaka ikibaki bila kulipwa, hiyo inauza nyumba. Kwa hiyo ndugu yangu, gombana nao kwenye faini upendavyo ila ada ya mwaka ilipe. Kuna jamaa wawili watatu nawafahamu wamegoma kulipa ada "mpaka wanirekebishie bwawa". Hiyo ni zawadi unawapa wakili wao. Ukishindwa kulipa kwa mkupuo, chama chenye viwanja zaidi ya 14 kinalazimika kuwa na utaratibu wa kulipa kwa awamu, usiopungua miezi mitatu. Na hela unayotoa, kama hujavunja makubaliano hayo, inaanza kufuta ada ya zamani, faini zinakaa mwishoni mwa foleni. Wakishauza nyumba una siku 180 tangu watume taarifa ya mnada kuikomboa, kwa kulipa deni na gharama zake. Siku hizo zinakwisha wakati bahasha iko juu ya friji haijafunguliwa.

Na kabla ya faini una haki ya kusikilizwa na bodi, uombe kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu barua yao itumwe. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 wanatakiwa wakupe ushahidi wao, picha na kila kitu, siku 10 kabla ya kikao. Wasipokupa, una haki ya kuahirishiwa siku 15. Wengi wetu hatuombi. Tunalipa kimya kimya kwa sababu tumezoea kwamba karatasi yenye nembo ni serikali. Hii siyo serikali! Ni jirani yako na kampuni yake.

Kingine kinachonichoma. Masharti kama haya yaliyosajiliwa kwenye ardhi ndiyo zamani yaliyokuwa yanaandika kwamba mtu mweusi haruhusiwi kuishi hapa isipokuwa kama ni mtumishi wa ndani. Mitaa ya kitajiri ya Houston kama River Oaks ilikuwa nayo. Mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani iliposema mwaka 1948, kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza. Sisemi bodi yetu ni wabaguzi, sina ushahidi huo. Nasema tu mashangingi ya majirani waliofanya sherehe ya mpira mwezi Februari yalilala barabarani mpaka asubuhi na hakuna mnyororo uliosikika. Nina picha.

NYONGEZA 1: Mnaosema "si ulisaini mwenyewe". Ndiyo nilisaini, kama ulivyosaini wewe masharti ya simu yako. Kurasa zaidi ya mia moja, siku ya kukabidhiwa funguo, mwanasheria anakuonyesha pa kuweka jina. Kama unanunua sasa, dai karatasi za HOA mapema wakati bado unaweza kurudi nyuma. Hawaruhusiwi kukutoza zaidi ya dola 375 kwa karatasi hizo, yaani cheti cha kuuzia nyumba, na mara nyingi muuzaji ndiye analipa, mbane. Tafuta humo mambo matatu: barabara ni za nani, bodi ni ya nani, na kuna kesi au deni gani.

NYONGEZA 2: Dada wa Minnesota aliyeuliza, sheria za kwenu ni tofauti, usichukue hizi namba zangu ukaenda nazo kikaoni ukaaibika. Tafuta za jimbo lako.

NYONGEZA 3: Madereva wa malori mliojaa PM yangu: hapana, kichwa hakilali nyumbani kwenye mtaa wa HOA, sahauni. Wengi wanalipia yadi kwa mwezi. Ingizeni gharama hiyo kwenye hesabu kabla ya kukubali nyumba, siyo baada.

Nimeshaomba kikao na bodi, nimeomba na ushahidi wao. Wale wenye magari watatu watakuja na risiti zao za yadi, mzee naye amesema anakuja na kanzu ileile. Anayejua wakili Mswahili Houston ambaye amewahi kusimama na mtu kwenye kesi ya HOA, anipe PM, siyo wa uhamiaji, wa uhamiaji ninao. Nitaleta mrejesho.

Nawasilisha.