Dume mwenye "jeni ya misuli": nitoe 90,000?

Mfugaji_Ruai: Habari wadau. Nina kondoo majike wa Dorper waliochanganyika na Red Maasai hapa Ruai. Kuna mtu ananiuzia kondoo dume, mapaja yamejaa hadi anatembea akijitanua. Anasema ana jeni ya misuli na watoto wote watamfuata baba. Wateja wangu ni wachinjaji wa Kiamaiko, na wao humpapasa mnyama kiunoni kwanza ndipo wataje bei. Nilipe?

Dakitari_Kabete: Jeni gani? Ya mapaja inayojulikana zaidi ni kalipaiji, iliyoanzia kwa dume mmoja wa aina ya Dorset huko Oklahoma, Marekani, mwaka 1983. Misuli hujitokeza tu kwa mwana aliyepata nakala yenye mabadiliko kutoka kwa baba na ya kawaida kutoka kwa mama. Sasa piga hesabu: dume anayeonyesha misuli ana nakala moja tu yenye mabadiliko, kwa hiyo huirithisha kwa nusu ya watoto. Angekuwa nazo mbili, angewapa wote, lakini yeye mwenyewe angeonekana wa kawaida! Muuzaji wako hajui anachouza.

Mama_Kondoo: Na hata ukimpata wa kweli, nyama yake ni ngumu, hasa ya mgongoni. Ana kalpastatini nyingi, protini inayozuia vimeng'enya vya kulainisha nyama baada ya kuchinja. Jaribu kuuzia watu nyama choma ya hivyo uone.

Mfugaji_Ruai: Na kondoo wa Texel je? Nimesikia nao wana misuli.

Dakitari_Kabete: Hao ni habari nyingine. Mabadiliko yao yako kwenye jeni ya mayostatini, protini inayozuia misuli isikue kupita kiasi. Kwao inatengenezwa kidogo, na mwana anaweza kurithi kwa baba au kwa mama.

Mzee_wa_Zizi: Ndugu, Dorper alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930, kwa kupandisha Dorset Horn na Persian mwenye kichwa cheusi. Upana wake ni wa kuchaguliwa vizazi na vizazi, pamoja na chakula. Huyo wako huenda ni mafuta tu. Omba kuona watoto wake waliokwishaachishwa kunyonya, uwapime kwa mizani. Tena usiitupe damu ya Red Maasai, minyoo ya tumbo haiwasumbui kama Dorper.

Mfugaji_Ruai: Asanteni. Nimemwomba anionyeshe watoto, sasa hashiki simu.

Mama_Kondoo: 😂 Jibu ndilo hilo.