Kusoma haki jinai na urekebishaji katika chuo kidogo: nikague nini kabla ya kulipa ada?

Kijana wa Korogwe

Wanajukwaa, natumaini hamjambo. Nimemaliza kidato cha nne na nimepata nafasi katika chuo kidogo cha binafsi kinachofundisha haki jinai na urekebishaji wa wahalifu, ambako darasa moja lina wanafunzi wachache sana. Nia yangu si kulinda lango wala kushika silaha. Nataka kufanya kazi na watu waliotiwa hatiani, hasa vijana, ili wakishatoka wasirudi tena gerezani. Baba yangu anaona kwamba cheti cha chuo kama hicho hakitanifikisha popote, na kwamba ni afadhali nisubiri tangazo la ajira za Jeshi la Magereza. Je, masomo haya yana thamani gani, na nikague nini kabla ya kulipa ada?

Afisa Mstaafu

Mwanangu, baba yako ana hoja katika jambo moja: cheti cha chuo cha nje hakimfanyi mtu kuwa askari wa magereza. Masharti huwekwa na tangazo la ajira, na anayechaguliwa hupitia kwanza mafunzo ya uaskari, kama yale yanayotolewa katika chuo cha Kiwira mkoani Mbeya, hata awe na cheti gani mkononi.

Lakini kazi unayoieleza haiko gerezani peke yake. Tangu Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, mahakama inaweza kumwamuru mkosaji anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 afanye kazi ya manufaa kwa umma, kama vile usafi wa hospitali au matengenezo ya barabara, huku akiendelea kulala nyumbani kwake na kulea watoto wake. Ili hakimu aamue hivyo, anahitaji taarifa ya afisa aliyefika kijijini, akazungumza na familia, na mwenyekiti wa kijiji, na yule aliyetendewa kosa. Nimewahi kuona taarifa ya nusu ukurasa, isiyomtaja hata jirani mmoja. Hakimu hakuwa na cha kushika, na mtu ambaye angeweza kutumikia adhabu yake akiwa nje alipelekwa gerezani. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa chuo chako lingekuwa hili: je, wanakufundisha kuhoji watu na kuandika taarifa, au wanakukaririsha vifungu tu?

Mkufunzi

Naunga mkono, na ninaongeza upande wa chuo. Hakikisha kwamba kimesajiliwa na NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, na kwamba kozi yenyewe, si jina la chuo tu, imeidhinishwa, kwa sababu bila hilo hutaweza kupanda kutoka cheti cha awali cha ngazi ya 4 hadi stashahada ya ngazi ya 6. Kisha omba mtaala uusome mwenyewe. Utafute humo Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20), Sheria ya Ushahidi (Sura ya 6) na Sheria ya Magereza (Sura ya 58), pamoja na Kanuni za Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015 na ambazo zinakataza kumtenga mfungwa peke yake kwa zaidi ya siku 15 mfululizo.

Mwanafunzi mzuri wa fani hii anapaswa kueleza bila kusita kwa nini mahabusu si mfungwa, maana Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inamlinda mshtakiwa asitendewe kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Anapaswa pia kutofautisha msamaha wa theluthi moja kwa mwenendo mwema, ambao unaweza kumtoa mtu wa kifungo cha miaka 6 baada ya miaka 4, na parole, ambayo hupitia kwenye bodi na kumwachia mtu kwa masharti. Mambo haya yanahitaji mjadala, na hapo ndipo darasa dogo linapokuwa na faida ya kweli: mkufunzi anaweza kusoma kila taarifa unayoandika na kukurudishia ikiwa imejaa wino mwekundu. Chuo kisicho na mpango wa kuwapeleka wanafunzi mahakamani na gerezani kwa mafunzo ya vitendo, kwa barua rasmi, mimi nisingekilipa.

Kijana wa Korogwe

Shikamooni, na ahsanteni sana. Vijana ninaowafikiria zaidi ni wale wa miaka 15 hadi 17. Je, hao wanahudumiwa na nani?

Ustawi Halmashauri

Marahaba, mdogo wangu. Jibu la swali hilo linaweza kubadili uamuzi wako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha gerezani. Kesi yake husikilizwa na mahakama ya watoto, na afisa ustawi wa jamii ndiye anayeandaa taarifa kuhusu maisha yake. Anayehitaji kuzuiliwa wakati kesi inaendelea hupelekwa katika mahabusu ya watoto, na aliyekwisha kutiwa hatiani anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo mkoani Mbeya. Ukiwataka hao, njia iliyonyooka ni ustawi wa jamii, kwa mfano katika Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoko Kijitonyama, Dar es Salaam. Ukiwataka waliovuka miaka 18, kama wale wa gereza la vijana la Wami mkoani Morogoro, basi urekebishaji unakufaa zaidi.

Kabla ya kulipa ada, nenda katika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu, ujitambulishe, na uombe kuzungumza na afisa anayeshughulikia watoto waliokinzana na sheria. Umuulize anafanya nini tangu asubuhi hadi jioni, kisha ulinganishe majibu yake na mtaala uliopewa na chuo.