Tupeane uzoefu: umewahi kuutafuta ukoo wako kupitia kilabu cha pombe ambacho hakipo tena?

Mjukuu wa Mama Pipa (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Wengi wetu tukitaka kujua asili ya ukoo tunaanzia kwa wazee kijijini, kwenye vitabu vya ubatizo parokiani au makaburini. Mimi nilianzia huko nikakwama. Bibi yangu mzaa mama hakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha ndoa, na kijiji alichotoka kilihamishwa chote wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970. Aliyeijua njia ya kwao alikuwa yeye mwenyewe, na amefariki.

Kilichonifungulia mlango ni kilabu. Bibi alikuwa mpika pombe Ilala. Kilabu chenyewe hakipo, pale sasa pamejengwa fremu za maduka, na vijana wa mtaa ukiwauliza hawajui kama paliwahi kunywewa kitu. Lakini wapikaji wenzake hawajaisha wote. Nilimpata mmoja Buguruni, bibi mtu mzima sana, macho yanamsumbua ila kumbukumbu iko sawasawa. Nikamuuliza kwao bibi ni wapi, akasema hajui. Nikamuuliza nani alimwingiza kilabuni, akacheka, akasema hilo ndilo swali.

Akanieleza kwamba pale walipika kwa zamu, leo huyu, kesho yule. Zamu ilikuwa mali, ndiyo iliyolipa kodi ya chumba na ada ya watoto, kwa hiyo mgeni hapewi. Unaingizwa na dada, shangazi au mtu wa kijiji chenu, na mwenye zamu akizeeka anamwachia wa kwao. Bibi alirithi zamu ya mwanamke mmoja ambaye nyumbani hatujawahi hata kumsikia. Kumbe ni shangazi yake, ndugu wa baba yake, ndiye aliyemleta Dar. Watoto wa shangazi huyo wapo Kilosa mpaka leo, na nimeshafika kwao.

Tukumbuke pia kwa nini wanawake hawa walikuwa wengi mjini. Wakati wa Mwingereza Mwafrika alizuiwa pombe kali, na bia ya chupa kwa miaka mingi sheria haikumruhusu. Wafanyakazi wa bandari na reli walikunywa pombe ya nafaka, na mikono iliyoipika ilikuwa ya wanawake. Asiye na mume wala ajira aliweza kujenga nyumba kwa pipa. Ajira za wanaume zina karatasi zake. Za hawa hazina, na ndiyo maana ukoo wa upande wa mama unapotea haraka.

Naomba tupeane uzoefu. Nani mwingine kapita njia hii?

Ndizi Ng'ombe

Asante mleta mada. Mimi ni wa Kilimanjaro, na kwetu ni mbege, pombe ya ndizi.

Nyumbani tuliambiwa babu alizaliwa peke yake. Hana kaka, hana dada. Mwaka juzi nilikaa na mzee mmoja aliyekuwa akinywa na babu kwenye kilabu cha njia panda, kile cha siku ya soko. Kilijaa hasa msimu wa malipo ya kahawa, enzi ambazo KNCU, chama chetu cha ushirika cha kahawa, ikilipa kila mtu anadaiwa na kila mtu analipa. Mzee ananisimulia mambo ya kawaida tu, nani alikuwa mkali, nani alikuwa na utani. Katikati akasema: "Babu yako alikuwa hagusi kata mpaka yule wa mtoni afike."

Nikamsimamisha hapo hapo. Kwetu kata ya kwanza, yaani kibuyu cha kunywea, haipokelewi ovyo, inafuata umri na ukoo. Mtu mzima mwenye mji wake anamsubiri nani? Anamsubiri mkubwa wake. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema walikuwa baba mmoja, mama mbalimbali, waligombana kuhusu kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, na hawakuwa wakitembeleana. Nyumbani kwa mwenzake kila mmoja alikuwa hakanyagi. Kilabuni walikutana kila siku ya soko, na mdogo alimsubiri mkubwa.

Ugomvi ulifichwa nyumbani, lakini heshima ilionekana kilabuni. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ukimpata mzee usimuulize "ukoo wetu ni upi". Muulize nani alikaa wapi, nani alianza kunywa, nani alimlipia nani.

Mlanzi

Iringa hapa. Kwetu ulanzi, pombe ya mianzi, kwa hiyo kilabu kilikuwa cha msimu wa mvua, mianzi ikikauka watu wanatawanyika. Mashina ya mianzi yana wenyewe na yanarithiwa. Kilabu kimekufa lakini mianzi ipo, na ukiuliza shina hili la nani unatajiwa majina ya watu watatu nyuma. Sina zaidi ya hapo.

Wa Shauri Moyo

Nawasalimu kutoka Nairobi. Yangu ni ya nyanya, yaani bibi, aliyemlea baba yangu.

Alikuwa na nyumba Pangani ya zamani, ile iliyobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenye nyumba wakahamishiwa Shauri Moyo. Yeye alipika nyumbani, na Nairobi hilo lilikuwa kosa. Serikali ya mji ilifungua ukumbi wake wa pombe Pumwani miaka ya 1920, ikataka mnywaji apeleke senti zake huko, na faida iliingia kwenye mfuko wa huduma za Waafrika. Ukipika kwako ulikuwa unashindana na serikali, basi polisi walikuja, wakamwaga na wakakukamata.

Nyumbani simulizi ilikuwa kwamba nyanya alikata uhusiano na watu wake kabisa alipokuja mjini. Tuliishi na maneno hayo. Baba alikua akijua kwamba upande huo hatuna mtu.

Nilipoanza kuuliza majirani wazee wa Shauri Moyo, sikuuliza habari za ukoo. Niliuliza akishikwa, nani alikuwa anakuja kumtoa? Jibu lilikuwa lile lile kwa kila niliyemuuliza: mwanaume mmoja mrefu wa Murang'a, fundi wa mbao, anakuja na pesa ya faini mkononi, hapandishi sauti. Wengine walidhani ni mpenzi wake. Alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Alilipa faini mara nyingi kuliko wanavyokumbuka, na kijijini hakusema, kwa sababu huko dada yake alikuwa hatajwi.

Tumeshaonana na wajukuu wake. Nao walikuwa na swali lao la miaka mingi: pesa za babu zilikuwa zinaenda wapi? Sasa wanajua.

Na kwa wanaosema vilabu vilikufa vyenyewe, sheria nazo zilichangia. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, ikaruhusiwa tena kwa masharti kwa sheria ya 2010. Kwa miaka hiyo thelathini waliokuwa na habari walijifunza kunyamaza. Wengi wamezikwa nazo.

Mjukuu wa Manamba

Hiyo ya kumlipia faini imenigusa sana.

Mimi nimezaliwa Muheza na jina la babu halipo Muheza nzima. Alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba kutoka mbali, kwenye mkonge. Wakulima wa mkonge walikuwa na shirika lao la kuleta vibarua, SILABU, lililoanzishwa 1944, na watu waliletwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji. Babu aliandikwa jina moja tu, na jina lenyewe huenda karani aliliandika alivyolisikia.

Shamba lile limekufa. Bei ya mkonge ilianguka kamba za plastiki zilipokuja, watu wakaondoka, kambi ikabaki magofu na kilabu cha kambi kikaondoka nayo. Lakini mama mmoja aliyekuwa akiuza pale anakumbuka nani alikaa na nani. Anasema Jumapili kila kabila lilikuwa na upande wake na ngoma yake, na babu alikuwa upande wa Waha, watu wa Kigoma. Sisi tuliamini ni Mrundi. Nikamuuliza ana uhakika gani, akaniimbia kipande cha wimbo aliokuwa akiupenda babu. Haelewi maneno, ila sauti anayo. Niliurekodi kwenye simu, nikamtumia rafiki aliyeko Kasulu, akamsikilizisha mama yake. Yule mama akaendeleza wimbo kuanzia pale ulipokatikia.

Ndugu sijawapata bado. Lakini sasa najua niende upande gani.

Mtu wa Pwani

Naomba niseme tofauti kidogo, na naomba nisieleweke vibaya. Sisi ni familia ya Kiislamu. Bibi yetu naye alipika. Aliacha, akatubu, akaenda Makka, akafa akiwa mtu wa kuheshimiwa mtaa mzima. Mama yangu hataki litajwe. Nikisoma uzi huu najiuliza, ninayo haki gani ya kufukua alichokifukia mwenyewe?

Mjukuu wa Mama Pipa (mleta mada)

Mtu wa Pwani, umeuliza jambo zito na nalichukua kwa uzito wake. Kama bibi mwenyewe alifunga, sidhani ni sawa kumfungulia mbele za watu. Lakini kuna kujua na kuna kutangaza. Mimi nilimuuliza mama kwanza, tukiwa wawili tu, nikamwambia sitaki habari za pombe, nataka majina ya waliomsaidia bibi alipokuja mjini bila mtu. Alilia, kisha akayataja. Nyumba ya bibi yako, ada za shule za mama yako, huenda zilitoka pale. Waliomshika mkono wakati ule wanastahili angalau kuombewa dua kwa majina yao.

Mtu wa Pwani

Nimekuelewa. Hilo la dua nitampelekea mama hivyo hivyo.

Kimara Mwisho

Mimi si wa vilabu vya kienyeji, ni wa baa. Mzee wangu alikuwa kaunta kwenye baa moja kandokando ya barabara ya Morogoro. Iliondoka 2017 barabara ilipopanuliwa, siku chache tu na hukumbuki ilikuwa wapi.

Mzee hakusimulia maisha yake kabla ya kumuoa mama. Alipofariki tulikuta picha moja: yeye, mwanamke tusiyemjua na mtoto mdogo, wamekaa kwenye meza yenye chupa. Nyuma hakuna tarehe. Niliyoyapata kwenye picha hiyo ni haya. Chupa mojawapo ina lebo ya Safari, na Safari ilianza kuuzwa 1977, kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Mwanaume mwingine pembeni amevaa sare ya jeshi, na wazee wa mtaa waliomtambua wanasema alikwenda vita vya Kagera na hakurudi. Basi picha imebanwa kati ya 1977 na 1979. Mama alikutana na baba 1982.

Nyuma kuna mhuri wa studio ya picha, wa Kinondoni. Studio imekufa, ila mtoto wa mpiga picha yupo, na alimtambua yule mwanamke. Alikuwa mhudumu baa hiyo hiyo. Nina dada yangu mkubwa Morogoro, wakuu. Ana masikio ya mzee.

Kwa walio na wazazi wa enzi za dansi: angalieni picha za baa kwa makini. Chupa, kalenda ya ukutani, bango la bendi. Mlimani Park Orchestra ilianza 1978 na jina lake lilitokana na baa iliyokuwa jirani na Chuo Kikuu. Ukiona bango lao, tayari una mwaka wa kuanzia.

Mgema Mstaafu

Kilifi. Huku kilabu cha mnazi ni mangwe. Mangwe huhama, lakini minazi haihami. Kwetu mti unaweza kuwa wa mtu hata kama ardhi si yake, na huuzwa, huwekwa rehani, hurithiwa. Nimegema zaidi ya nusu ya umri wangu na naweza kukupitisha shambani nikikwambia huu ni wa nani na ulitoka kwa nani. Wajukuu walioko Mombasa huja kuniuliza babu yao alikuwa nani. Nawaonyesha minazi yake, na mashahidi waliokuwepo siku ilipouzwa mara nyingi walikuwa wamekaa mangweni na mboko, vibuyu vya kunywea, mikononi. Watafuteni mashahidi hao, kwa kawaida ni shemeji au mjomba.

Karani wa Zamani

Kidogo kuhusu karatasi, kwa sababu zipo zaidi ya mnavyodhani. Dar, nendeni Nyaraka za Taifa, Upanga, mtaa wa Vijibweni. Kuna majalada ya utawala ya wilaya wakati wa Mwingereza, na masuala ya pombe za kienyeji, vibali na ada yamo. Msitegemee kukuta jina la bibi kila mara, mara nyingine utakuta jina la mtaa na malalamiko ya jirani. Hata hilo linasaidia, unapata mahali kilabu kilipokuwa. Nairobi, nyaraka zao ziko katikati ya mji, Moi Avenue. Baada ya uhuru Tanzania ilikuwa na sheria ya vileo ya 1968, na leseni zilitolewa na bodi za wilaya, kwa hiyo ulizeni halmashauri pia. Nendeni na jina la mtaa, mwaka wa kukisia na jina la utani la mhusika. La utani msilisahau, wengi kilabuni hawakulijua jina lingine.

Mpya Hapa

Nimesoma uzi wote usiku huu. Namtafuta aliyewahi kupika au kunywa kwenye kilabu kilichokuwa Keko Machungwa, upande wa mafundi samani, kabla ya katikati ya miaka ya 1980. Mama yangu mkubwa alipika pale, alikuwa na kovu kwenye shavu la kulia na walimwita Mama Taratibu. Aliondoka na mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi, na hatujui walielekea wapi. Mwenye neno lolote, hata dogo, naomba aliandike hapa.