Queen: mlio ulibadilika wapi hasa?

besi_nne: Wakuu, nazisikiliza albamu za Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, kwa mfuatano wa miaka. Hadi Jazz (1978) ni magitaa na sauti zilizorundikwa, mara wimbo Another One Bites the Dust (1980) unaingia kavu, besi mbele. Wengi wanadai ni sinthesaiza (kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme) iliyowabadilisha. Ni kweli? Na ule mlio wa zamani wa mpiga gitaa wao Brian May naupataje kwenye gitaa langu la Stratocaster?

treki24: Sinthesaiza inasingiziwa. The Game, yenye wimbo huo, ni kweli ndiyo albamu yao ya kwanza kuitumia, aina ya Oberheim OB-X, na kadhaa za mwanzo zilitamba kwenye jalada kwamba hamna kitu hicho. Lakini wimbo unaoutaja hauna sinthesaiza. Mtunzi, mpiga besi wao John Deacon, alipiga besi, piano na gitaa la mdundo. Ngoma za Roger Taylor zilizibwa mlio, zikakatwa kuwa kitanzi cha tepu kinachojirudia. Zile sauti za ajabu ni piano, gitaa na ngoma zilizochezwa kinyumenyume na kupitishwa kwenye Harmonizer ya Eventide, kifaa cha kubadili sauti.

Kilichobadilika ni namna ya kurekodi. Kwenye Bohemian Rhapsody (1975), mwimbaji Freddie Mercury, May na Taylor waliimba sehemu ileile tena na tena, kisha treki (njia za kurekodia kwenye tepu) zikaunganishwa kuwa chache ili nafasi ipatikane, maana mashine ilikuwa na treki 24 tu. Kila ukiunganisha, mvumo wa tepu unaongezeka na sauti za juu zinafifia. Kwenye The Game, huko Munich kwa prodyuza Reinhold Mack, waliacha nafasi tupu ifanye kazi.

waya_mfululizo: Strato ya kawaida itakusumbua, mkuu. Gitaa la May lina pikapu (vinasa mtetemo wa nyuzi) tatu za Burns Tri-Sonic zilizofungwa kwa mfululizo, umeme ukipita moja hadi nyingine, kila moja na swichi ya kuwasha na nyingine ya kugeuza fezi, yaani mwelekeo wa wimbi. Kwenye Strato zimefungwa sambamba, ndiyo maana ukiwasha mbili mlio unakonda badala ya kunenepa. Fundi abadilishe nyaya kwanza, pedali baadaye.

Kisha weka kikuza-trebo (kifaa cha kuongeza sauti za juu) kabla ya amplifaya ya Vox AC30, chaneli ya Normal, sauti mwisho kabisa. Ukitaka mlio safi punguza kwenye gitaa, usiguse amplifaya. Bila kikuza-trebo utapata uji. Piga kwa sarafu. May hutumia sixpence, sarafu ya zamani ya Uingereza, na ule ukingo wenye meno ndio unaokwaruza nyuzi.

Kurundika magitaa: rekodi noti moja moja kila treki. Kodi nzima (noti kadhaa kwa pamoja) ikipita kwenye mlio uliopasuka, noti zinagongana.

besi_nne: Asante. Basi mashine zilitawala lini?

treki24: Hot Space (1982), upande wa kwanza. Staying Power besi yake ni ya sinthesaiza, na Body Language karibu haina gitaa. Mimi naona walivuka mpaka. The Works (1984) waligawana: Radio Ga Ga ya Taylor ni mashine, Hammer to Fall ya May inaongozwa na gitaa.