Mjadala: Maabara inaweza kutuambia jungu la Vix lilitengenezwa wapi?

Wadau, kuna hoja inarudiwa sana kwamba ubishi wa jungu la Vix umepitwa na wakati, toboa kidogo, pima isotopu za risasi (aina za atomi za madini ya risasi zinazotofautiana uzito, uwiano wake hutofautiana mgodi na mgodi), kesi imeisha. Kutoboa naunga mkono, kesi kuisha nakataa.

Kwa wasiolijua, ni jungu la Kigiriki la bronzi (shaba iliyochanganywa na bati) la kuchanganyia divai na maji, lilifukuliwa 1953 kwenye kaburi la mwanamke huko Burgundy, Ufaransa, kaburi la kama mwaka 500 KK. Urefu mita 1.64, uzito zaidi ya kilo 200, linaingia kama lita 1,100, halafu ukuta wa tumbo ni kama milimita moja tu, yaani mtu kagonga na nyundo mpaka ukawa hivyo! Shingoni kuna askari na magari ya farasi, kila kipande kimesubiwa peke yake kikabandikwa, na fundi aliweka herufi kwenye vipande na kwenye shingo asije akachanganya mahali. Wasomi wengi wanazisoma kama herufi za Sparta, mji wa Ugiriki. Sasa Taras kule kusini mwa Italia ilianzishwa na watu wa Sparta, waliandika vilevile, kwa hiyo herufi hazitoshi na hapo ndo watu wanakimbilia maabara.

Shida ni kwamba isotopu za risasi kidogo iliyomo kwenye shaba zinaonyesha mgodi, karakana hazioni. Uwiano wake haubadiliki ukiyeyusha, sawa, lakini fundi akichanganya shaba mpya na vyombo chakavu unapata wastani usio na kwao, na akitia risasi ili bronzi itiririke vizuri kwenye kalibu basi unachopima ni ile risasi, shaba yenyewe imefunikwa. Anayetaka karakana atafute udongo wa kalibu kama umebaki ndani ya vipande vilivyosubiwa, fundi hasafirishi udongo kutoka mbali. Sanamu za Kigiriki za bronzi za Riace, zile zilizoopolewa baharini Italia 1972, udongo wa ndani ndo ulielekeza Argos, mji wa Ugiriki.

Na mnaosema kutoboa ni uharibifu, tundu dogo pasipoonekana linatupa habari za biashara ambazo hazipo kwenye maandishi yoyote. Meli ya Uluburun iliyozama pwani ya Uturuki kama 1300 KK ilibeba shaba tani 10 hivi, na ni isotopu zilizoielekeza Cyprus.

Anayeamini namba za mgodi zinatosha kuchagua kati ya Sparta na Taras aje atuonyeshe kivipi, maana shaba ilipakiwa melini ikauzwa kote kote.